Mjane Aliyesimama

Nilipomwambia Shangazi kwamba naomba kusimama, aliniuliza nasimama niende wapi. Swali lenyewe halikuwa la kijinga. Mjane kwetu hana pa kwenda. Mume akifa, godoro linatandikwa chini kando ya ukuta wa nyumba ya msonge, naye anakalishwa hapo, blanketi begani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na hapo ndipo makao yake hadi maiti izikwe na majembe yaoshwe. Chakula kinamfuata, maji yanamfuata, hata haja anasindikizwa kama mfungwa. Kazi yake ni moja tu, kukaa, na jinsi anavyokaa ndivyo watu wanavyopima alivyompenda marehemu.

Mimi nilimpenda Zwelakhe. Nalisema mapema kwa sababu baadaye lilitiliwa shaka na watu ambao hawajawahi kumfulia hata soksi.

"Ninyooshe mguu tu, Shangazi," nilimwambia. "Unaniuma."

"Unyooshee hapo hapo."

Shangazi Ntombifikile alikuwa dada wa baba mkwe wangu. Aliolewa bonde la pili, akafiwa, akarudi kwao, na tangu wakwe zangu walipotangulia mbele ya haki yeye ndiye aliyeishika nyumba ya ukoo wa Mchunu. Mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Mikono ile ilikuwa na jina: hakuna mtu wa vilima vile aliyeteguka mguu au kukazwa na shingo asipelekwe kwake. Alikuwa na mafuta yake ya kondoo yenye kafuri ndani ya kopo la kahawa. Anakukanda, unalia, halafu unatembea. Haki yake simnyimi.

Mafua yaliingia kwetu na baridi ya Juni. Si mafua ya kupenga kamasi na kwenda shamba. Yalimwangusha Zwelakhe kwanza, mimi nikafuata. Mimi niliugulia nyumbani. Yeye kifua kilibana hasa, akalazwa, wakampa hewa ya mtungi, na tulipokuwa tumeshaanza kunong'onezana akaruhusiwa. Akarudi anacheka.

Basi tukamlea. Kwetu aliyeponea chupuchupu haguswi na kazi. Hata zizini kuwatazama ng'ombe wake hakuruhusiwa. Alikalishwa kwenye kochi karibu na jiko la makaa, miguu ndani ya blanketi, akaletewa supu ya mifupa, akaletewa maziwa mgando, na kila mgeni aliyeingia alimwambia usiinuke, baba, usiinuke, kaa tu. Alikaa mpaka kochi likachukua umbo lake.

Kigimbi cha mguu wa kushoto kikavimba. Kikawa kinang'aa, kina joto, ukikigusa anavuta hewa kwa meno. Shangazi akaja na kopo lake. Alimkanda asubuhi, akamkanda jioni, huku akimwimbia sifa za ukoo kama anavyoimbiwa mtoto. Siku Mchungaji alipokuja kumjulia hali, Zwelakhe, mtu wa adabu zake, aliinuka kumpokea. Akashika kifua. Akaniita kwa jina la ukoo wa kwetu, "MaSithebe, pumzi," akaanguka baina ya kochi na jiko. Hospitali tulifikisha maiti.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye miwani mikubwa, na alinikalisha akanieleza kama mtu anayezungumza na mtu. Mafua makali ya namna ile, alisema, hayaishii kifuani. Yanaichokoza damu, inakuwa nzito, inapenda kuganda. Mgonjwa akikaa tu bila kutembea, bonge la damu linajijenga ndani ya mguu, na siku moja linabanduka, linapanda na mshipa, linaziba mapafu. Nikamwuliza kuhusu kukanda. Akasema mguu wa namna ile haukandwi. Halafu akanisikia ninavyokohoa, akaniuliza kama na mimi niliugua. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nitembee, ninywe maji, na mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikatika nije mbio, nisingoje kesho.

Njiani nilimweleza Shangazi yote isipokuwa lile la kukanda. Hilo nililimeza. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama dirishani.

"Mtu aliyekwisha kupona hauawi na damu yake mwenyewe," alisema.

Kwa hiyo muuaji akatafutwa kwingine. Zwelakhe alikanyaga kitu. Kwetu mwenye wivu hutega dawa njiani, unaipita bila kujua, mguu unavimba, roho inatoka. Aliyetega ni nani, hakuna aliyesema. Watu walikuja kwenye sala za jioni, wakaketi kwenye mikeka, na macho yao yakawa yanatazama godoroni.

Nami hapo godoroni nilikaa kuliko wajane wengine wanavyokaa, maana mazishi yalisogezwa mbele. Tulikuwa tukimngoja Mthunzi, mtoto wa pekee wa Shangazi, anayefanya kazi Johannesburg. Bila yeye hapakuwa na mwanamume mkubwa wa kusimamia, na yeye mwenyewe alikuwa kitandani na mafua hayo hayo. Nikawekewa bibi MaNgema, mjane wa siku nyingi, wa kukaa nami. Bibi huyo amezika waume wawili na anajua kukaa kuliko kiti. Analala ameketi, anakula ameketi, anasengenya ameketi, na mgongo wake haumuumi hata kidogo.

Mwanzo nilidhani ni ganzi. Kigimbi cha kulia kilikuwa kinavuta, kama mtu amekifunga kamba kwa ndani. Nikakisugua, nikaacha, nikakumbuka daktari. Nilipoomba kusimama nikajibiwa hivyo nilivyokwisha kusema. Kesho yake wanawake walipotoka kupika, nilifunua blanketi nikaiweka miguu sambamba. Mmoja ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa Zwelakhe.

Niliogopa. Sikuogopa kama mtu anayeogopa kufa siku moja. Niliogopa kama mtu aliyeonyeshwa mlango atakaopitia. Na baada ya hofu nikaona hasira inapanda, hasira ya moto kabisa. Mume wangu nimempoteza kwa kukaa, na mimi nauawa kwa kukaa, halafu watu watakuja kula nyama ya mazishi yangu na kusema MaSithebe alimpenda mumewe, hakukawia kumfuata.

Bibi MaNgema aliuona mguu kabla sijaufunika. Na kwa kuwa mdomo wake hauna kizuizi, kabla uji haujapoa nyumba nzima ilikuwa inajua. Wanawake wakaingia, wakauzunguka mguu wangu wakiutikisia kichwa. Ikaamuliwa pale pale kwamba na mimi nimekanyaga kile kile. Nikiri kwamba hilo liliniletea afueni kidogo: asubuhi nilikuwa mchawi, sasa nimekuwa majeruhi. Wakapisha njia, Shangazi akaingia na kopo la kahawa, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kujipaka mafuta viganjani.

Nikauvuta mguu.

"Lete mguu," alisema.

"Usinikande, Shangazi."

Mikono yake ilibaki hewani, inameremeta. Mkaza mwana wa kwetu hasemi "usi" kwa shangazi wa mumewe. Wala hasemi kwa sauti niliyoitumia mimi. Nikamwambia polepole, kila neno lisikike, kwamba mguu huu ndio ule wa Zwelakhe, kwamba daktari aliniagiza, kwamba naenda hospitali sasa hivi.

"Mume wako hajaingia ardhini," alisema.

"Ndiyo maana naenda. Nataka nimzike. Sitaki kuzikwa naye."

Mtu mmoja akaguna. Shangazi aliinuka, akafunika kopo lake, akalikaza kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ukitoka kwenye geti lile na godoro bado lina joto," alisema, "usirudi hapa ukijiita mke wa Mchunu. Utakuwa umesema mwenyewe kilichomwua."

Akatoka. Bibi MaNgema, ambaye ndiye aliyeniuza, akanishika kiwiko akaninong'oneza. "Mwanangu, ngoja wakati wa kula. Nitakupeleka chooni. Macho yangu haya mabovu, sitaona umepotelea wapi."

Nikamshukuru, nikamwambia anayetoroka ni mwizi. Nikashika ukuta, nikasimama.

Nilipita katikati ya ua mchana kweupe, nikiwa na blanketi langu la msiba, mbele ya wanaume waliokuwa wanapasua kuni na wanawake waliokuwa wanachambua maharage. Hakuna aliyenizuia. Si kwamba walinihurumia. Kivuli cha mjane aliyefiwa juzi kina mikosi, kikikuangukia ng'ombe wako wataharibu mimba, kwa hiyo kila niliyemkaribia alisogea. Mikosi hiyo imewanyima wanawake wa kwetu mambo mengi. Siku ile ilinifungulia njia mpaka barabarani, nami niliitumia yote.

Gari lililosimama lilikuwa la mikate. Dereva aliponitazama na kuona blanketi, uso ulimshuka. Akasema mbele siwezi kukaa, ana watoto. Nikamwambia hata juu ya paa nitakaa. Nikasafiri nyuma, nimesimama, nimeshikilia makreti, nanuka mkate wa moto, na kila shimo la barabara nililitukana kwa jina la mtu ninayemfahamu.

Daktari yule wa miwani ndiye aliyenipokea. Hakuuliza maswali mengi. Walinipaka ute wa baridi mguuni, wakapitisha kimashine, akanigeuzia kioo nione. Bonge lilikuwepo, nyuma ya goti, limekaa limetulia kama mwenye nyumba. Alisema sijachelewa. Nikachomwa sindano ya tumboni, ya kuizuia damu isizidi kuganda, nikalazwa, na kila nilipoamka walinichungulia pumzi. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu Zwelakhe afe. Godoroni nilikuwa nalia kwa sababu ya kutazamwa. Pale nililia kwa sababu yake, na kwa sababu kama mguu wake ungepakwa ute ule badala ya mafuta ya kondoo, angekuwa zizini sasa anawatukana ng'ombe.

Jumamosi asubuhi nilimwambia daktari naenda kuzika. Alinipima tena, akanipa vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa, akasema vizuri, ila nisikae kitako muda mrefu. Nikamwambia hilo asiwe na wasiwasi nalo.

Getini nilimkuta Mthunzi. Alikuwa amefika Alhamisi, ameendesha gari kutoka Johannesburg bila kushuka ila kujaza mafuta, na bado alikuwa anakohoa ndani ya suti yake nyeusi. Mthunzi ni mtu mpole. Alisimama katikati ya njia akiwa hajui mikono yake aiweke wapi.

"Shemeji," alisema, "usinipe kazi hii."

"Nani kakupa? Mrudishie."

Akatazama viatu vyake. Kisha akasogea.

Godoro langu lilikuwa limekunjwa, limefungwa kamba, limesimamishwa nje ya nyumba ya msonge ili kila aingiaye alione. Kama ni tusi, ni tusi lililofungwa vizuri. Nikalipita. Jeneza lilikuwa linatoka, na mimi nikaingia nyuma yake, mahali pangu, kitambaa kimeshuka usoni, na wanawake waliokuwa wamepashika mahali pale wakanipisha kwa ile ile hofu ya kivuli. Tukashuka mpaka nyuma ya zizi ambako akina Mchunu wote wamelala. Mkeka wa mjane ulikuwa umetandikwa. Nikasimama kando yake.

Mazishini kwetu kuna mtu anayepewa kuusimulia ugonjwa: ulianzaje, watu walihangaika vipi, marehemu alikata roho akisema nini, ili waombolezaji wasiondoke na maswali tumboni. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi, kashida nyeusi kichwani, akasimulia vizuri, maana anajua kusema akitaka. Alisema kijana wao aliugua mafua, akapona, kila mtu alimwona amepona. Kisha akasema kuna mkono wa mtu. Hakulitaja jina. Aliacha nafasi mahali jina linapokaa, na vichwa vyote vikageuka kunitazama.

Mjane hasemi kaburini. Kulia ndiyo, kuanguka ndiyo, kusema hapana. Nikavuta kitambaa juu ya macho yangu.

"Hakukanyaga kitu," nilisema.

Mchungaji, mtu mwenye busara za haraka, akaanzisha wimbo. Wawili watatu wakamfuata.

"Wimbo utakuja, Mchungaji," nikamwambia. "Ngoja nimalize."

Wimbo ukafa wenyewe. Nikawaeleza. Nikawaambia mafua haya yakitoka kifuani yanaacha damu nzito, na mtu akikaa inaganda, na ikiganda mguuni, mguu unavimba hivi, nikapandisha gauni la msiba mpaka gotini, nikawaonyesha. Wazee wakatazama pembeni. Nikawaambia huu ni mguu wa Zwelakhe, tofauti ni kwamba mimi nilisimama.

Hapo nilimwona Shangazi. Alikuwa ameishika mikono yake mbele ya tumbo, mmoja juu ya mwingine. Neno nililokuwa nimelimeza garini lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno. Alinikunjia godoro. Aliniita muuaji mbele ya jeneza. Neno moja tu, na vichwa vile vyote vingegeuka upande wake na visingegeuka tena mpaka afe. Nilimchukia kiasi hicho, sifichi. Lakini niliisikia ile sauti yake akimwimbia Zwelakhe sifa za ukoo huku akimkanda, na neno halikutoka lilivyotaka.

"Tulimkalisha," nilisema. "Mguu ulipovimba tulimkanda. Wote. Tulimpenda na hatukujua. Lakini kuanzia leo tumejua, na atakayekufa na mguu wa hivi tena, asitafutiwe mchawi. Atakuwa ameuawa na ubishi wetu."

Ule "tu" uliniunguza ulimi kuliko pilipili. Shangazi hakunitazama.

Ilikuwa zamu ya Mthunzi kutupa koleo la kwanza la udongo, naye alikuwa na koleo mkononi. Badala ya kuchota, alilichomeka kwenye kifusi, akaketi juu ya udongo ule na suti yake, akavuta mguu wa suruali. Soksi ilikuwa imezama ndani ya nyama. Juu ya soksi kigimbi kilikuwa kinang'aa.

"Mama," alisema. "Tangu Alhamisi. Nilidhani ni sababu ya kuendesha."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye, kwa mazoea tu, alichutama akanyoosha mikono yote miwili kuushika ule mguu.

"Asiguswe," Shangazi alisema.

Mwanamke akajirudi. Shangazi alizunguka kaburi, akaja akasimama juu ya mwanawe, akautazama mguu. Mguu ule alikuwa anauona mara ya tatu, na safari hii hakuagiza kopo lake. Akasema gari liletwe hapa hapa, lipite juu ya mashamba, lisizunguke. Akasema Mthunzi asibebwe kwa kurushwarushwa. Kisha akaniita.

"MaSithebe. Panda naye. Wewe ndiye unayejua mlango."

"Mume wangu hajafukiwa, Shangazi."

Sikusema kumkomoa. Nilipigana nije nimfukie. Nilikuwa nimesafiri nyuma ya gari la mikate, nimetobolewa tumbo, nimekunjiwa godoro, kwa ajili ya udongo ule tu. Niliutazama, mwekundu, umerundikwa tayari, nikaona namna ninavyonyang'anywa.

"Tutamfukia sisi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Nakuomba, mwanangu. Nenda. Godoro nitakukalia mimi."

Nikachota udongo kwa mkono, nikamtupia Zwelakhe, nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba mwanamume ambaye hakuruhusiwa kuinuka ataelewa kwa nini mkewe hakai. Gari likaja likivunja mabua ya mahindi. Tulipoondoka, niligeuka nikamwona Shangazi anapiga magoti kwenye ule mkeka wangu, anajivuta kashida mpaka kwenye nyusi.

Mthunzi alitaka kufumba macho. Nikamkataza. Nikamwambia ahesabu pumzi zake kwa sauti, moja moja, nizisikie, na akinyamaza nitampiga kofi, mjane kama nilivyo. Alizihesabu mpaka tulipofika hospitali.